Mwito Unaovuka Kobero: Kuongeza Prosija za Mbali kwenye Huduma ya Bakendi

Mwito wa mbali ni njia ya programu moja kuitisha kazi inayofanywa na programu nyingine, kwenye mashine nyingine, kwa namna ileile ambayo ingeita kazi yake ya ndani. Inayoita huitwa mteja, inayoitikia huitwa seva, na kazi yenyewe ni prosija yenye jina, vipengele inavyodai na jibu inalorudisha. Anwani ambayo prosija hiyo hupatikana kwenye mtandao ndiyo endipointi. Wazo ni la zamani. James White alilipendekeza katika RFC 707 ya mwaka 1976, Bruce Nelson akaliandikia tasnifu mwaka 1981, na mwaka 1984 yeye na Andrew Birrell wakachapisha maelezo ya namna walivyolijenga katika maabara ya Xerox PARC. Baada yao vikaja vizazi kadhaa: Sun RPC iliyobeba mfumo wa mafaili wa NFS, XML-RPC ya 1998, SOAP, JSON-RPC ambayo toleo lake la 2.0 ni la 2010, kisha gRPC ambayo Google iliifungulia umma mwaka 2015.

Kufanana huko na mwito wa ndani ndiko kunakowaponza wajenzi. Mwaka 1994 Jim Waldo na wenzake watatu wa Sun Microsystems walionya kwamba kazi ya ndani na kazi ya mbali hazifanani katika mambo manne: muda wa kusafiri, namna ya kufikia kumbukumbu ya mashine, kushindwa kwa sehemu moja huku nyingine ikiendelea, na kazi nyingi kufanyika kwa wakati mmoja. Kwa seva mbili zilizo chumba kimoja, chini ya mkuu mmoja wa idara, onyo hilo linaweza kupuuzwa kwa miezi bila madhara. Mpakani halipuuziki hata siku moja.

Kobero ni mpaka wa namna hiyo. Uko katika eneo la Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, na tangu mgawanyo mpya wa mikoa ulipoanza kutumika mwaka 2025, Muyinga imeingizwa katika mkoa wa Buhumuza. Ng'ambo yake ni Kabanga, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwa Ushoroba wa Kati hufika hapo yakiwa yamekata zaidi ya kilomita elfu moja. Kobero na Kabanga ni kituo cha pamoja cha huduma mpakani, mfumo uliowekewa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016: maofisa wa nchi zote mbili hukaa upande wa nchi inayoingiwa, na msafiri au shehena hukaguliwa mara moja tu. Anayeingia Burundi hushughulikiwa Kobero, anayeingia Tanzania hushughulikiwa Kabanga.

Meza zimesogezwa pamoja, lakini mifumo ya kompyuta ina wenyewe. Mamlaka ya mapato ya Burundi, OBR, iliyoundwa mwaka 2009, hutumia ASYCUDA World, programu ya forodha ya UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Tanzania, kupitia mamlaka yake ya mapato, TRA, iliiacha ASYCUDA++ na kujenga mfumo wake, TANCIS. Chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya, tamko la shehena inayokwenda Burundi huwasilishwa kwenye mfumo wa Burundi na ushuru hulipwa huko, wakati mzigo wenyewe ungali Dar es Salaam. Kwa hiyo ofisa wa Kobero hupokea lori ambalo habari zake zilianzia mbali na zimepita katika zaidi ya hifadhidata moja. Mifumo miwili yenye wenyewe wawili haiwezi kushirikiana hifadhidata moja kwa moja, na wala haifai. Inaweza kuitana.

Mfano utakaotumika hapa ni wa kufundishia tu na haukunakiliwa kutoka mfumo wowote wa forodha. Kuna huduma ya bakendi iitwayo Shehena. Tayari ina prosija mbili: TafutaTamko, ambayo hupewa namba ya tamko na kurudisha maelezo yake, na SomaSili, ambayo hurudisha namba ya sili iliyofungwa kwenye kontena. Sasa inatakiwa ya tatu, ThibitishaKuvuka, itakayoitwa na kompyuta ya ofisa pale lori linaporuhusiwa kuingia. Mbili za kwanza zinasoma tu. Ya tatu inabadilisha hali ya mambo, na tofauti hiyo inatawala karibu kila uamuzi unaofuata.

Kazi huanzia kwenye mkataba, kabla ya mstari wowote wa programu. Mkataba ni faili linalotaja huduma, prosija zake, na umbo la kila ujumbe unaoingia na kutoka. Katika gRPC huandikwa kwa lugha ya Protocol Buffers, ambayo Google iliitoa hadharani mwaka 2008. Katika JSON-RPC hakuna lugha ya lazima ya mkataba, na timu hulazimika kujiandikia kanuni zake, jambo ambalo wengi huahirisha mpaka wakaumia. Kutokana na faili hilo, chombo cha kuzalisha msimbo hutoa sehemu mbili: stabu ya mteja, inayofungasha vipengele kuwa baiti na kuvituma, na kiunzi cha seva, kinachovifungua na kuvikabidhi kwa msimbo halisi. Stabu ya Java na stabu ya Python hutoka kwenye faili moja, na hapo ndipo faida ya mpangilio huu ilipo kwa nchi mbili ambazo hazijakubaliana kuhusu lugha ya programu wala hazina sababu ya kukubaliana.

Ujumbe wa ThibitishaKuvuka ukiandikwa kwa JSON-RPC huonekana hivi:

{"jsonrpc": "2.0", "method": "thibitisha_kuvuka", "params": {"tamko": "BI-0001", "kituo": "KOBERO", "wakati": "2025-03-04T07:25:00Z", "ufunguo": "a91f"}, "id": 41}

Kila uga hapo una sababu yake, lakini uga wa wakati unastahili kuangaliwa kwa karibu. Burundi hufuata saa iliyotangulia ile ya kimataifa, yaani UTC, kwa saa mbili, Tanzania kwa saa tatu. Ofisa wa Tanzania aliyeketi Kobero anagonga muhuri wa kutoka saa 4:10 asubuhi kwa saa ya kwao. Robo saa baadaye, ofisa wa Burundi kwenye meza ya jirani anagonga wa kuingia, na saa yake inasema 3:25. Mifumo ikihifadhi saa ya ukutani bila kutaja kanda, lori litaonekana limeingia Burundi dakika arobaini na tano kabla halijatoka Tanzania, na kipimo chochote cha muda wa kusubiri mpakani kitatoa namba hasi. Kuna na mtego mwingine: msemaji wa Kiswahili anayesema saa tatu ana maana ya kile ambacho karani anayeandika Kifaransa angekiweka kama 9. Dawa ni kusafirisha wakati kwa UTC peke yake, kama herufi Z inavyoonyesha kwenye ujumbe huo, na kuacha kompyuta ya kila meza iugeuze kwa macho ya mtumiaji wake.

Fedha zina mtego wa aina hiyohiyo. Katika kiwango cha ISO 4217, faranga ya Burundi haina sehemu ndogo baada ya nukta, ilhali shilingi ya Tanzania imepewa tarakimu mbili. Zaidi ya hapo, kwa mazoea ya Kifaransa mkato ndio unaotenga desimali, hivyo "1,500" iliyosafirishwa kama maandishi ni elfu moja na mia tano kwa msomaji mmoja na moja na nusu kwa mwingine. Kiasi kisafirishwe kama namba kamili pamoja na msimbo wa sarafu, na idadi ya tarakimu za desimali ichukuliwe kwenye kiwango cha ISO.

Mkataba ukikamilika, kuandika prosija yenyewe ni kazi fupi kuliko watu wanavyodhani: kupokea ujumbe, kuhakiki kila uga, kutafuta tamko, kuandika kwenye hifadhidata, kurudisha jibu. Hatua inayosahauliwa ni kuisajili. Kiunzi kinachozalishwa na gRPC mara nyingi huja na jibu la msingi kwa kila prosija ambayo haijaandikwa, kwa hiyo programu hujengwa bila lalamiko, seva huwaka, na mteja hupata msimbo wa 12, maana yake prosija haijatekelezwa. JSON-RPC hutoa -32601 kwa hali hiyohiyo. Mhandisi anayeona msimbo huo huku akiwa na uhakika kwamba ameandika prosija yake aangalie kwanza usajili, kisha herufi za jina: njia ya gRPC hubeba jina la kifurushi, la huduma na la prosija, na herufi kubwa hutofautishwa na ndogo. Baada ya hapo aangalie kama kifaa cha kati cha mtandao kinapitisha HTTP/2, ambayo gRPC inaitegemea.

Hadi hapa mambo ni ya kiufundi tu. Penye uzito ni pale jibu lisipokuja.

Mwito wa ndani una matokeo mawili, kufaulu au kushindwa. Mwito wa mbali una la tatu, kutojua. Ofisa wa Kobero anabonyeza kitufe, ujumbe unaondoka, nyaya zinakatika mahali fulani njiani, na skrini inabaki inazunguka. Huenda ujumbe haukufika. Huenda ulifika na seva ikazimika kabla ya kuandika. Huenda seva iliandika kila kitu sawasawa na jibu ndilo lililopotea. Kwa aliyeko Kobero hali zote tatu zinafanana, na hakuna ujanja wa programu utakaozitofautisha kutokea upande wake. Akikaa kimya, lori linasubiri. Akibonyeza tena, huenda akaandikisha kuvuka mara mbili, na lori lililoingia Burundi mara mbili bila kutoka hata mara moja ni jambo ambalo mfumo wa tathmini ya hatari utalishuku, na dereva ndiye atakayehojiwa.

Suluhisho ni kuifanya prosija iwe salama kurudiwa. Hiyo ndiyo kazi ya uga uitwao ufunguo katika ujumbe wa juu. Kompyuta ya ofisa hutunga ufunguo wa kipekee (halisi huwa mrefu kuliko huo wa mfano) pale kitufe kinapobonyezwa kwa mara ya kwanza, ikauhifadhi, na kuutumia uleule kwa kila jaribio la tendo hilo. Wengi hukosea hapa kwa kutunga ufunguo mpya ndani ya stabu kila ujumbe unapotumwa. Ufunguo wa namna hiyo haukingi chochote, kwa sababu kila rudio linaonekana kuwa tendo jipya. Upande wa seva, ufunguo huwekwa kwenye jedwali lenye sharti la upekee, na uandikwe katika muamala uleule unaoandika kuvuka, pamoja na jibu lililotolewa. Rudio likija, seva hairudii kazi. Hutoa jibu lililohifadhiwa. Ufunguo uleule ukija na maelezo tofauti, seva ikatae waziwazi, kwa kuwa hiyo ni dalili ya hitilafu kwa mteja. Swali la ufunguo utunzwe muda gani hujibiwa kwa kuangalia kituo chenyewe: kama umeme na mtandao huweza kukosekana usiku kucha, basi dakika kumi na tano ni mzaha. Siku kadhaa zinafaa zaidi, na gharama ya kuhifadhi jedwali hilo ni ndogo mno ikilinganishwa na ubishi wa siku moja mpakani.

JSON-RPC ina shimo moja linalohusiana na hili. Ujumbe usio na id huhesabiwa kuwa taarifa, na seva haitakiwi kuujibu kabisa, hata kwa kosa. Kwa prosija inayobadilisha hali ya shehena, mteja anayesahau id anakuwa amejinyima hata nafasi ya kujua kwamba amekataliwa.

Muda wa kusubiri nao uwekwe kwa makusudi. gRPC haiweki ukomo wowote yenyewe. Mteja asipoutaja, anaweza kusubiri bila mwisho. Ukomo ukiwekwa, husafiri na mwito, na seva inayolazimika kuita huduma nyingine hupitisha muda uliobaki tu. Baada ya ukomo kupita, mteja hupata msimbo wa 4, ambao hausemi kwamba kazi imeshindikana; unasema kwamba muda umeisha. Majaribio yanayofuata yatenganishwe kwa vipindi vinavyorefuka, vikichanganywa na bahati nasibu kidogo. Mtandao ukirudi asubuhi na kila meza ya Kobero na Kabanga ikajaribu tena katika sekunde ileile, seva iliyonusurika kukatika kwa nyaya itaangushwa na wateja wake.

Ukubwa wa ukomo hutokana na umbali. Ndani ya nyuzi za fiba, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi umbali wa kilomita elfu moja huchukua milisekunde 10 kabla ya kuhesabu vifaa vya kati. Hiyo ni raha. Kiungo cha akiba kikiwa setilaiti iliyotulia angani kilomita 35,786 juu ya ikweta, mwito mmoja na jibu lake haupungui karibu nusu sekunde. Skrini inayoita prosija ndogo arobaini, moja baada ya nyingine, ili kuonyesha tamko moja, itachukua sekunde ishirini kwenye kiungo hicho, na mhandisi aliyeijaribu ofisini kwake asione tatizo lolote. Hivyo prosija zinazovuka mpaka ziwe chache na nene: TafutaTamko irudishe tamko, bidhaa zake na sili yake kwa mara moja. Unene nao una mpaka, kwani gRPC kwa kawaida hukataa kupokea ujumbe unaozidi megabaiti 4. Picha za nyaraka zipitie njia nyingine.

Makosa yarudishwe kwa misimbo, na maandishi yaachwe kwa anayeonyesha skrini. Kobero huzungumzwa Kirundi na Kiswahili, karatasi za Burundi zina Kifaransa, na upande wa Tanzania kuna Kiingereza. Seva inayorudisha sentensi ya Kifaransa kumweleza mteja kwamba sili hailingani inamlazimisha mteja huyo kuchambua sentensi, na siku mtu atakaposahihisha tahajia yake, mteja ataacha kuielewa. JSON-RPC imetenga misimbo kutoka -32000 hadi -32099 kwa makosa ya seva yenyewe. Nje ya eneo lote lililohifadhiwa, huduma iko huru kujichagulia namba za mambo ya biashara, kwa mfano sili kutolingana au tamko kutolipiwa. Kosa la kujaribu tena na kosa la kuacha yasichanganywe kamwe chini ya namba moja.

Kuhusu usalama, kanuni ni fupi. Mawasiliano yasimbwe, kila upande uonyeshe cheti, na prosija mpya izaliwe ikiwa imefungwa kwa kila mtu mpaka itajwe kwenye orodha ya ruhusa. Utambulisho wa mashine usimezwe na utambulisho wa ofisa: seva ijue kwamba mwito umetoka Kobero, na pia ijue ni nani aliyebonyeza. Saa za mashine zirekebishwe zenyewe kupitia mtandao, kwa kuwa cheti halali hukataliwa na kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka jana.

Linabaki sasa suala la mabadiliko, na ndilo linaloitofautisha Kobero na ofisi ya kawaida. Kampuni inayomiliki seva na mteja inaweza kuvibadilisha vyote usiku mmoja. Mamlaka mbili za nchi mbili haziwezi, kwa kuwa kila moja ina ratiba yake, zabuni zake na idhini zake. Toleo la zamani la mteja litaendelea kuita kwa miezi, pengine miaka, na aliyeandika seva hana mamlaka ya kulizima. Kwa hiyo mkataba huongezewa, haubadilishwi. Katika Protocol Buffers kila uga una namba, na namba ndiyo inayosafiri, jina halisafiri. Uga mpya upewe namba mpya. Uga uliofutwa, namba yake ihifadhiwe isije ikatumika kwa kitu kingine, la sivyo mteja wa zamani atasoma uzito wa shehena mahali palipoandikwa idadi ya vifurushi, bila kosa lolote kuonekana. Namba 1 hadi 15 huchukua baiti moja, kwa hiyo ziachiwe nyuga zinazotumika kila mara, na 19000 hadi 19999 zimekatazwa kabisa. Ikumbukwe pia kwamba katika toleo la tatu la lugha hiyo, namba isiyotumwa husomwa kuwa sifuri. Uzito wa sifuri na uzito usiojulikana havitofautiani mpaka uga utangazwe kuwa wa hiari.

Utaratibu wa kuwasha hufuata mantiki hiyo. Kuongeza huanza na seva: ThibitishaKuvuka iwashwe kwanza, iitwe na mteja wa majaribio, ndipo kompyuta za meza zianze kuitumia. Mteja mpya anayekutana na seva ya zamani apokee ile 12 au -32601 kwa utulivu na kurudi kwenye njia ya awali, hata kama njia hiyo ni karatasi. Majaribio yasiishie kwenye mwito uliofaulu. La maana zaidi ni kuua muunganisho baada ya seva kuandika na kabla haijajibu, kisha kuangalia kama rudio limeacha rekodi moja au mbili. Jaribio hilo moja hufichua mengi kuliko kumi ya kawaida, na ndilo linaloachwa kwa sababu ni gumu kulipanga.

Prosija ikishaanza kazi, kila mwito ubebe kitambulisho kinachoandikwa kwenye logi za pande zote mbili, ili wahandisi wa Burundi na wa Tanzania wanapozungumza kwa simu wawe wanatazama tukio moja. Miito ihesabiwe kwa kila msimbo wa jibu, na muda wake upimwe kwa ile asilimia moja iliyochelewa zaidi, maana wastani huficha foleni.

Kuondoa hufuata njia kinyume, mteja kwanza, seva mwisho. Prosija inayostaafishwa hutangazwa, miito yake hutazamwa ikipungua kituo kwa kituo, na mmiliki wa mteja aliyebaki hutafutwa kwa cheti chake. Miito ikikoma kabisa kwa muda uliokubaliwa na mamlaka zote mbili, msimbo wake hutolewa kwenye seva, jina lake na namba za nyuga zake zikibaki kwenye faili la mkataba na alama kwamba zisitumike tena.